Tunapulizia Dawa Daladala, Tunasahau Kufuta Bomba

Mwezi Januari mwaka 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza ongezeko la wagonjwa wa macho mekundu, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa mikoa iliyoguswa zaidi, nilitarajia kuwaona tena vijana wenye ovaroli na pampu za mgongoni wakipita kituo kwa kituo kupulizia dawa kwenye daladala, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa korona. Katika njia ninazopita mimi hawakuonekana. Jambo hilo limeendelea kunishangaza, kwa sababu ukiyaweka magonjwa hayo mawili pamoja, huu wa macho ndio unaosafiri hasa kwa mikono na kwa vitu vinavyoshikwa na watu wengi, wakati ule wa mwaka 2020 ulikuwa ukienea zaidi kwa hewa tunayovuta. Dawa ilimwagwa kwa wingi mahali ilipokuwa na kazi ndogo, na ulipokuja ugonjwa ambao kitambaa na sabuni vingeweza kuupunguza kasi ndani ya magari yetu, hakuna aliyekumbuka hata ndoo.

Siwalaumu sana walioanza na pampu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha, na mwezi huohuo ulikuwa umechapishwa utafiti wa maabara ulioonyesha kwamba virusi hivyo vinaweza kukutwa vikiwa hai kwenye plastiki hadi saa 72. Mtu anayesikia hivyo, kisha akapanda daladala yenye viti vilivyofunikwa kwa plastiki na vishikio vya chuma, lazima aogope kugusa chochote. Hata waliotuzidi kwa fedha na wataalamu walikwenda njia hiyohiyo: katika jiji la New York, treni za chini ya ardhi, ambazo husifika kwa kutembea usiku na mchana, zilisimamishwa kila siku, mwanzoni kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, ili zisafishwe na kupuliziwa dawa, tangu tarehe 6 Mei 2020 hadi tarehe 17 Mei 2021. Mwezi mmoja kabla ya treni hizo kurudi katika ratiba yake ya kawaida, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilikuwa imekwisha kutoa maelezo kwamba uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa mahali penye virusi ni mdogo, chini ya mara 1 katika kila miguso 10,000.

Kwetu hapa mjadala ulikuwa mkali zaidi, na ulichanganyika na siasa. Tarehe 22 Aprili 2020, Rais John Magufuli akiwa Chato alikemea zoezi la kupulizia dawa lililokuwa likiendelea Dar es Salaam, akisema haliui korona. Mengi aliyoyasema na kuyafanya kuhusu ugonjwa huo sikukubaliana nayo, na bado sikubaliani nayo, lakini haki isemwe: katika hoja ya kupulizia dawa mitaani, Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake tarehe 15 Mei 2020 likisema kwamba kunyunyizia dawa barabarani na sokoni hakupendekezwi, kwamba hata ndani ya majengo kupuliza dawa kama njia ya kawaida ya kutakasa vitu hakupendekezwi, na kwamba kumpulizia dawa binadamu kusifanywe kwa hali yoyote ile. Wakati huo tayari abiria wa kivuko cha Likoni, kule Mombasa, walikuwa wamekwisha kupitishwa kwenye vibanda vilivyowanyunyizia dawa kabla ya kuingia kwenye feri. Klorini inayoingia machoni na kwenye mapafu hudhuru, na haimponyi mtu ambaye virusi vimekwisha kuingia mwilini mwake.

Ubovu wa pampu ndani ya daladala unaeleweka vizuri zaidi ukijua dawa inavyofanya kazi. Klorini huharibiwa na uchafu: ikikutana na jasho, vumbi, mafuta ya ngozi na mabaki ya chakula, nguvu yake inatumika huko kabla haijafika kwenye vimelea. Kwa sababu hiyo kila mwongozo wa maana unaanza na sabuni na maji na kusugua, kisha ndipo dawa ifuate. Halafu dawa inahitaji muda wa kukaa mahali pamoja ikiwa bado mbichi, angalau dakika moja kwa virusi kama vya korona, na zaidi ya hapo kwa vimelea vilivyo sugu. Matone yanayotoka kwenye pampu hulowesha upande unaoielekea pampu, ilhali mkono wa abiria aliyesimama unazunguka lote lile bomba la juu la kushikilia, pamoja na upande wake unaotazama paa. Kijana anayepita na pampu katika Coaster nzima kwa muda ambao konda anatumia kuhesabu chenji hawezi kuwa amelowesha upande huo, na hata angeulowesha, dawa ingekauka kabla haijafanya kazi juu ya utando wa uchafu ambao hakuna aliyeusugua. Taa za miale ya urujuanimno, ambazo Shanghai walizitumia kwenye mabasi mwaka 2020, zina tatizo la namna hiyohiyo, kwani mwale hauendi penye kivuli, na basi limejaa vivuli.

Niliwahi kusimama kwenye sehemu ya kuoshea magari, jirani na mwisho wa njia moja ya Mbagala, nikitazama Coaster ikioshwa jioni. Bodi ilipigwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa, rimu zilisuguliwa kwa brashi, kioo cha mbele kilifutwa kwa gazeti, na maneno yaliyoandikwa nyuma ya gari yakapata uangalizi wa pekee. Ndani, kijana alifagia maganda ya karanga na tiketi, akamwaga maji sakafuni kwa mpira, akayasukuma kwa ufagio hadi mlangoni, kazi ikaisha. Nilimwomba apitishe kitambaa chenye sabuni kwenye bomba la juu, naye akafanya huku akicheka. Kitambaa kilitoka cheusi, chenye utelezi wa mafuta, pale karibu na mlango ambapo watu husimama wakibanana, kikatoka na vumbi la kawaida tu kule nyuma kwenye siti ya mwisho, ambako kila anayefika hukaa. Kwa mtu anayetaka kujua mahali pa kuanzia, kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha kumwonyesha.

Sehemu zinazoshikwa na kila mtu ndani ya daladala si nyingi. Kuna mshikio wa mlangoni, ambao kila anayepanda na kushuka huukamata. Kuna bomba la juu na vyuma vya wima. Kuna migongo ya viti, hasa kona ya juu iliyo upande wa njia, ambayo anayesimama huishika gari linapokata kona. Na kuna vishikizo vya madirisha. Paa, vioo vilivyo juu ya kimo cha mtu, bodi ya nje na matairi havimwambukizi abiria kitu. Kwa kitambaa, ndoo mbili na mtu mmoja asiye mvivu, sehemu hizo zinafutwa zote wakati gari linasubiri zamu yake kituoni, na lita moja ya maji yenye dawa inatosha, tofauti na pampu inayomaliza lita kadhaa na kuacha viti vimelowa.

Kuhusu dawa yenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo yasiyo ya hospitali ulitaja klorini ya asilimia 0.1 au alkoholi ya asilimia 70 hadi 90. Alkoholi ni ghali na inashika moto, kwa hiyo kwa daladala naiweka kando. Jik iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa inahitaji kupunguzwa kwa kiasi cha mililita 30 kwa kila lita ya maji, ambayo kwa ndoo ya lita 20 ni kama mililita 600. Chupa yenye kiwango kingine ina hesabu nyingine, ndiyo maana kusoma maandishi madogo ni sehemu ya kazi. Mchanganyiko utengenezwe wa siku ile, uwekwe kivulini, maana jua na joto huula. Wanaoutengeneza asubuhi na kuuacha kwenye chupa inayopitisha mwanga juu ya dashibodi, jioni wananyunyizia maji tu. Baada ya dakika kumi vyuma vifutwe kwa maji safi, kwa sababu klorini huleta kutu na huchubua rangi. Madirisha yawe wazi muda wote, glovu zivaliwe, na Jik isichanganywe kamwe na dawa ya chooni yenye asidi wala na dawa yoyote yenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari lililofungwa gesi hiyo haina pa kwenda.

Sabuni ya kawaida inadharauliwa kwa sababu haina harufu ya hospitali. Virusi vya korona na vya mafua vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo. Virusi vya adeno, ambavyo mara nyingi ndivyo huleta milipuko ya macho mekundu, havina utando huo. Vinavumilia alkoholi kuliko vile vya korona, na vinaweza kuishi kwa siku kadhaa juu ya chuma au plastiki kavu. Hapo sabuni hufanya kazi kwa kuving'oa na kuviondoa pamoja na uchafu, kisha klorini inamalizia. Mtu aliyejipangusa jicho linalotoa machozi, akashika bomba kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo, anamwachia bomba hilo atakayepanda baada yake, na huyo naye akiwa na vumbi jichoni kabla hajafika nyumbani, safari ya virusi imekamilika.

Viti ni habari nyingine, na hapa sina suluhisho la bei nafuu. Kiti kilichofunikwa kwa ngozi bandia nzima kinafutika. Kilichopasuka, sponji ikatoka nje, hakifutiki hata kidogo: kinanyonya jasho, kinanyonya maji ya kuoshea, kinanyonya juisi ya mtoto, halafu kinakaa na unyevu huo usiku kucha gari likiwa limefungwa. Ile harufu inayompokea abiria wa kwanza alfajiri sehemu kubwa inatoka humo. Kupulizia dawa juu ya sponji iliyochanika ni kupoteza dawa. Kiti hicho kinahitaji fundi wa kushona viti.

Mkono unaozunguka kuliko mikono yote ndani ya gari ni wa konda. Anapokea noti, anazikunja kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, anarudisha sarafu, anashika bomba, anampokea bibi mzigo wake, anamshika mtoto mkono ashuke, anapiga bodi kuamuru gari liondoke, kisha anakula muhogo wa kukaanga hapohapo mlangoni. Fedha hazioshwi, na hakuna kitambaa cha kuzifuta. Kinachowezekana ni konda kuwa na kitakasa mikono mfukoni, na zaidi ya hicho apate maji na sabuni kila anapofika mwisho wa njia, kwa kuwa mikono yenye uchafu unaoonekana haitakasiki kwa alkoholi. Abiria naye hana sababu ya kulisubiri gari liwe safi: akinawa anapofika aendako, kabla ya kujigusa uso na kabla ya kula, sehemu kubwa ya alichokiokota kwenye bomba inaishia kwenye karo.

Lakini ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja tu kwa magari yote ya abiria, nisingeomba Jik wala sabuni, ningeomba madirisha yanayofunguka. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na Kenya imo pia. Bakteria wa kifua kikuu hawampati mtu kwa kushika chuma. Wanaelea hewani baada ya mgonjwa kukohoa, na wanaweza kuelea kwa saa kadhaa penye hewa iliyotuama. Gari linaweza kufutwa likang'aa kila upande na bado likawa mahali pabaya pa kukaa saa mbili za foleni jirani na mtu anayekohoa bila kuziba mdomo, ikiwa madirisha yamefungwa. Na yanafungwa kwa sababu nyingi: mvua, vumbi la barabara inayojengwa, abiria anayechelea nywele zake, na kwa kiasi kikubwa sana kwa sababu reli ya dirisha imejaa mchanga na kishikizo kilivunjika zamani, hivyo kioo hakisogei hata ukikipigania. Mvua ikinyesha, sentimeta chache zilizoachwa wazi upande usiopigwa na upepo bado zinasaidia, hasa gari likiwa linatembea, na feni ya gari iwekwe kwenye kuvuta hewa ya nje badala ya kuizungusha ileile ya ndani. Katika mabasi yenye viyoyozi, ambayo abiria huyaona safi zaidi kwa kuwa ni ya baridi, swichi hiyo ndogo ina maana kuliko dawa yote iliyopulizwa kituoni.

Mahali ambapo dawa kali inahitajika kwelikweli ni kwenye mabasi ya masafa marefu mtu anapotapika, jambo ambalo kila aliyesafiri Dar es Salaam hadi Mwanza amelishuhudia. Mara nyingi ni kichefuchefu cha safari tu, lakini huwezi kujua, kwa sababu kipindupindu na virusi vya noro navyo vinaweza kuanza hivyohivyo, na virusi vya noro havijali sana kitakasa mikono cha alkoholi. Kumwagia mchanga na kuendelea na safari kunaficha tu. Inatakiwa matapishi yafunikwe kwa karatasi au kitambaa cha kunyonya, yaondolewe kwa mkono uliovaa glovu na kutiwa kwenye mfuko unaofungwa, mahali pale paoshwe kwa sabuni, halafu pamwagiwe klorini ya asilimia 0.5, ambayo kwa Jik ya asilimia 3.5 ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, iachwe dakika kumi au zaidi, kisha isuuzwe. Boksi lenye glovu, mifuko, chupa ya Jik na kitambaa linaenea chini ya kiti cha kondakta. Nimesafiri na mabasi yenye televisheni mbili na friji ya soda ambayo hayakuwa na boksi hilo.

Basi la namna hiyo lina kampuni na ofisi ya kupelekewa malalamiko. Daladala ina tajiri, dereva, konda na deiwaka. Dereva anatoka alfajiri akiwa na hesabu ya kupeleka jioni, mafuta ni yake, na kila dakika anayosimama bila abiria inatoka kwenye chakula cha watoto wake, sasa mwambie asimame afute bomba. Tajiri anaona gari lake usiku likiwa limeegeshwa, analiangalia matairi na injini. Deiwaka aliyelichukua kwa saa chache mchana hana habari na jambo lolote litakalobaki ndani ya gari baada yake. Kwa hiyo amri inayosema kila gari litakaswe baada ya kila safari, kama tulivyozisikia mwaka 2020, ilikuwa imekufa kabla haijasomwa. Kenya walipoamuru mwezi Machi 2020 kwamba matatu ya abiria 14 ibebe 8 tu, nauli zilipanda, na abiria ndiye aliyelipia ile nafasi iliyoachwa wazi hadi utaratibu huo ulipoondolewa Agosti 2021. Usafi nao una gharama, na usipopangiwa mlipaji utalipiwa na aliye mnyonge zaidi, au hautafanyika.

Mimi naona kazi hii igawanywe kulingana na nani ana nafasi ya kuifanya. Kufuta kwa sabuni na Jik kufanyike mara moja kwa siku, usiku gari linapolala, kuwe ndani ya makubaliano ya tajiri na wanaomwoshea gari, kwa kuwa tayari anawalipa waoshe bodi. Wakati wa mlipuko kama wa macho mekundu, iongezwe mara moja mchana kwenye mwisho wa njia, na chama cha njia hiyo kigharimie ndoo na kumlipa kijana mmoja kutokana na michango ambayo magari hutoa kituoni. Madirisha na viti viingizwe kwenye ukaguzi wa gari kwa uzito uleule wa breki na taa: mkaguzi ajaribu kila dirisha kwa mkono wake, na gari lenye madirisha yasiyofunguka lisipewe stika. Halmashauri zibebe maji ya kunawa vituoni, maana matangi yaliyowekwa mwaka 2020 bado yapo katika baadhi ya vituo ninavyopita, mengine yakiwa na koki iliyong'olewa na mengine yakiwa mazima kabisa isipokuwa hayana maji, na kuyajaza kabla ya mvua za masika, ambazo mara nyingi huja na kipindupindu, ni kazi ya gari moja la maji na mtu mmoja wa kupewa ufunguo.